Nani Anasema Katika Utafiti? Uhakiki wa Makala ya Mpemba na Majirani Zake

Ukipanda daladala hapa Iyunga ukaenda nayo hadi Uyole, utakuwa umepita katikati ya utafiti wa kila namna bila kujua. Nyuma yako umeacha chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi. Mjini wako watu wa NIMR wanaotafiti UKIMWI na kifua kikuu, na wako wanafunzi wa ualimu wanaohangaika na tasinifu zao. Mwisho wa safari kuna kituo cha utafiti wa kilimo ambacho jina lake limeingia hata kwenye maharage tunayokula: Uyole 96 haikuanguka kutoka mbinguni. Nauli ni moja tu. Lakini sisi wa fasihi tukiingia maktaba tunayaruka makabati yote hayo mbio mbio kuifuata riwaya, kana kwamba yaliyoandikwa humo hayakutungwa na mtu.

Katika makala haya nakusudia kuonyesha kuwa maandishi ya utafiti yana fani yake, na kwamba swali la kwanza la mhakiki, yaani nani anasimulia, linafaa kuulizwa huko pia. Sitapita kila kabati. Nitakaa zaidi kwenye kazi moja fupi, ambayo kwa maoni yangu kila mwanafunzi wa fasihi angeisoma.

Kazi yenyewe ni ya fizikia. Erasto Mpemba, akishirikiana na Denis Osborne aliyekuwa akifundisha fizikia Dar es Salaam, aliichapisha mwaka 1969 katika jarida la ufundishaji wa fizikia huko Uingereza. Kichwa chake ni neno moja la Kiingereza lenye alama ya kuuliza: Cool? Wanasayansi wanaikumbuka kwa sababu ya dai lake, kwamba maji ya moto huweza kuganda kabla ya maji ya baridi. Mimi naikumbuka kwa sababu ya sauti yake. Sehemu ya kwanza anasema Mpemba mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, na anaanza kama mtu anayekuhadithia barazani.

Mwaka 1963 yuko kidato cha tatu, Magamba, mkoani Tanga. Wavulana wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, kisha unayaweka kwenye friji. Nafasi ni chache na watu ni wengi. Mwenzake mmoja, kwa hofu ya kukosa nafasi, anaweka yake bila kuchemsha. Mpemba naye anaweka yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado uji uji. Anamwuliza mwalimu. Anajibiwa kuwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Tazama ufundi wa hapo, ingawa sidhani kama mwenyewe aliuita ufundi. Ugunduzi hauanzi na nadharia, unaanza na kugombea nafasi kwenye friji! Jambo hilo analijua kila aliyewahi kukaa bweni. Halafu inakuja Iringa, katika shule ya Mkwawa, na hapo ndipo mgogoro unapokolea. Wanafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Mpemba anauliza tena swali lake, na mwalimu anamjibu kwa kejeli kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo akikosea hesabu darasani, wenzake wanampigia kelele kuwa hiyo ni hesabu ya Mpemba. Jina la mtu limegeuzwa kuwa neno la kosa. Katika tamthilia tungesema mhusika mkuu ametengwa na jamii yake, na tungeandika kurasa tatu.

Kisha anakuta maabara ya biolojia iko wazi, anachukua bika mbili, moja ya maji ya bomba na moja ya maji ya moto, anajaribu peke yake. Na Osborne alipofika shuleni kutoa mhadhara, kijana anasimama na kuuliza. Wenzake wanacheka, wengine wanamlaumu kuwa ameiaibisha shule. Mgeni hacheki. Anakwenda Dar es Salaam kulijaribisha.

Sehemu ya pili anaandika Osborne, na hapo lugha inapoa kweli kweli: vipimo, joto, michoro. Ila kuna kichekesho kimoja ambacho hata mwanariwaya angekitamani. Fundi wa maabara aliripoti kuwa maji ya moto yameganda kwanza, kisha akaahidi kuendelea kurudia jaribio hadi apate jibu lililo sahihi. Jamani! Huyu hana ubaya wowote, ni mtiifu tu. Utiifu wake na kejeli ya yule mwalimu vina mzizi mmoja, na wasimulizi hawakuhitaji kutueleza.

Atakayesema kuwa dai lenyewe bado linabishaniwa, nakubali. Mwaka 2016 Burridge na Linden walichapisha kazi inayotilia shaka kama jambo hilo lipo kwenye maji, na mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer walionyesha jambo la namna hiyo katika mfumo mwingine, wa chembe ndogo sana. Wakubaliane wasikubaliane, hadithi ya mvulana na friji haitegemei hukumu yao. Udhaifu ninaouona mimi uko kwingine: hadithi hii ya Magamba na Iringa iliwafikia Waingereza kwanza, kwa Kiingereza. Watafiti wa elimu kama Martha Qorro wameandika miaka mingi juu ya mwanafunzi anayenyamaza darasani kwa sababu ya lugha. Ukiwa na hoja hiyo kichwani, ule ujasiri wa Mpemba kusimama mbele ya mgeni unaongezeka uzito mara mbili.

Nikigeukia majirani zake, sauti ya kwanza inapotea upesi. Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, na vitabu vya Monica bado vinasomwa. Karani wao, Leonard Mwaisumo, alikuwa masikio yao kwa kiasi kikubwa, lakini ilibidi ifike 2013 ndipo apate sura yake katika kitabu kuhusu Monica na wakalimani wake. Alikuwa amefariki tangu 1938. Kuhusu kipunji, yule kima wa Rungwe, wawindaji walikuwa wakimtaja, na watafiti hawakuwa na hakika kama ni mnyama au ni kiumbe cha hadithi, maana Wanyakyusa wanahadithia vyote viwili. Walimwona 2003, wakamtangaza 2005, na 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe. Fasihi simulizi ilikuwa mbele ya zuolojia, na malipo yake ni neno moja ndani ya jina la Kilatini. Si haba, lakini msimulizi yuko wapi?

Utafiti wa afya ndio ulionishangaza. Fomu ya ridhaa inamwambia mshiriki "wewe", kwa Kiswahili, na kumweleza kuwa anaweza kujitoa wakati wowote. Ni nathari kavu, nakiri, lakini angalau inajua kuwa inazungumza na mtu.

Nayasema haya kwa sababu yamenigusa. Ripoti yangu ni ya hadithi za Kinyakyusa, nilizozikusanya kwa bibi mmoja upande wa Tukuyu. Niliandika "nilimwuliza". Msimamizi akakata kwa wino mwekundu, akaandika juu yake "msimulizi aliulizwa". Sawa, nikasema, ndiyo desturi. Lakini siku ile bibi naye aliniuliza: "Na wewe mjukuu wangu, ukishaziandika, utamsimulia nani?" Nilitafuta pa kuliweka swali hilo katika ripoti nikakosa, kwa sababu humo ndani hakuna mtu wa kuulizwa. Mwenzangu wa chumbani hapa Iyunga, anayesomea uhandisi, alicheka akasema kwao mambo ni hayo hayo, hata nguzo ya zege hujengwa bila mjenzi.

Jana usiku nimeurudia ukurasa huo. Nimeandika tena "nilimwuliza", na mstari unaofuata nimeliweka swali la bibi kama alivyolisema. Jumatatu naipeleka.