Mizani ya Grammy na Uzito wa Metali

Tuzo ni hukumu, na hukumu yo yote hupima watu wawili. Humpima mshindani mbele ya macho ya watu, na humpima mwamuzi vile vile, ingawa yeye aghalabu hajui kuwa yumo mizanini. Mtu asiyejua vina wala mizani akiketishwa kuamua mashindano ya mashairi, hatalihukumu shairi. Atalihukumu jina la mtungaji, au sifa alizozisikia njiani. Ndivyo ilivyotokea mara nyingi katika tuzo za Grammy za Marekani zilipokutana na metali, muziki wa magitaa ya umeme, ngoma nzito na sauti kali, uliozaliwa Uingereza na kuenea ulimwenguni.

Wengi huudhani muziki huu kuwa ni makelele matupu. Walakini asili yake si makelele bali ni kazi na jeraha. Tony Iommi, mpiga gitaa wa kundi la Black Sabbath la mji wa viwanda wa Birmingham, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani alipokuwa kijana wa miaka 17. Hakuliacha gitaa. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki vya vidole, na baadaye akazilegeza nyuzi. Nyuzi zikatoa sauti nene ya chini, na sauti hiyo ikawa msingi wa sanaa nzima. Santuri ya kwanza ya kundi lake ilitoka mwaka 1970. Katika sanaa hiyo, fungu fupi la sauti za gitaa hurudiwa kama kibwagizo na kuubeba wimbo wote. Kasi hugeuka ghafula. Mpiga ngoma hufanya kazi kwa mikono na kwa miguu yote miwili. Atakaye kuupima muziki huu hana budi kuyasikiliza hayo.

Mwaka 1989 Grammy zilitoa kwa mara ya kwanza tuzo ya roki nzito na metali pamoja. Kundi la Metallica lilikuwa limetoa santuri ya "...And Justice for All" mwaka 1988, na usiku wa tuzo lilipiga jukwaani wimbo wa "One", habari ya askari aliyepoteza viungo, macho na masikio vitani, uanzao kwa upole na kuishia kwa ngurumo kama ya bunduki. Tuzo ikapewa Jethro Tull, kundi la Waingereza lijulikanalo kwa filimbi ya kiongozi wake, Ian Anderson. Wenyewe hawakuwapo ukumbini, kwa maana kampuni yao haikutazamia washinde. Jethro Tull walikuwa wanamuziki hodari, na kosa halikuwa lao. Kosa lilikuwa la mwamuzi aliyeulizwa habari ya chuma akajibu habari ya filimbi, kwa sababu jina la mwenye filimbi alilizoea.

Mwaka uliofuata tuzo hiyo iligawanywa, metali ikapata yake, na Metallica wakashinda kwa wimbo ule ule wa "One". Ilidhaniwa kuwa somo limeeleweka. Lakini mwaka 1991 Metallica walishinda tena kwa wimbo wa kundi la Queen wa mwaka 1974. Mwaka 2000 Black Sabbath walituzwa kwa "Iron Man", wimbo wa mwaka 1970 uliopigwa upya mbele ya hadhara. Mwaka 2010 Judas Priest walituzwa kwa wimbo wao wa mwaka 1977. Mwaka 2015 ushindi uliwaendea Tenacious D, watu wawili wa muziki wa vichekesho, kwa wimbo wa Ronnie James Dio wa mwaka 1984, na Dio mwenyewe alikuwa amekwisha fariki mwaka 2010. Mara nyingi, basi, sikio la mwamuzi lilifika ngoma ikiwa imekwisha lia, likatuza mwangwi.

Haki yadai kutaja na upande wa pili. Slayer walishinda mwaka 2007 na 2008 kwa nyimbo mpya za ukali wao wenyewe. Mwaka 2025 Gojira wa Ufaransa walishinda kwa wimbo walioupiga katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, na ushindi huo uliwastahili. Hata hivyo, macho ya ulimwengu yalikuwa yamekwisha waona kabla masikio ya wapiga kura hayajawachagua.

Sababu si uadui. Washindi huchaguliwa kwa kura za wanachama wa akademia, nao ni watu wa muziki wa kila namna. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mpiga kura asiyekijua kitu huchagua jina alijualo. Mwaka 2017, Megadeth waliposhinda baada ya kuteuliwa na kukosa mara 11, bendi ya ukumbini iliwasindikiza jukwaani kwa wimbo wa Metallica, kundi lililomfukuza kiongozi wao, Dave Mustaine, mwaka 1983. Tuzo ilikuwa halali, lakini waliowapigia muziki wa heshima walidhihirisha kuwa kwao jina moja la metali latosha kwa yote.

Husemwa kuwa metali haihitaji tuzo, maana wapenzi wake hawakungoja ruhusa. Neno hilo ni kweli nusu. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Hii imelia tangu 1970 wala haijapasuka, na Grammy hazikuwa ngozi yake. Lakini tuzo ni daftari pia, na daftari husomwa na wasiokuwapo. Motörhead, kundi lililoanzishwa mwaka 1975, lilipata Grammy moja tu, mwaka 2005, kwa kuimba wimbo wa Metallica. Atakayelifungua daftari hilo siku za mbele ataambiwa kuwa Motörhead waliuimba vema wimbo wa wengine. Hataambiwa kuwa Metallica walipokuwa vijana walijifunza kwa Motörhead. Mwalimu ameandikwa humo kama mwanafunzi wa mwanafunzi wake.

Hasara hiyo hailipwi kwa kuongeza idadi ya tuzo wala kwa kuita majina makubwa jukwaani. Hulipwa kwa kuwapa hukumu wale walioisikia sanaa hii ilipokuwa changa, na kuwaomba watuze kazi ya leo leo. Tuzo ichelewayo humheshimu mtoaji kuliko mpokeaji.