Taa ya Nyuma Ikififia, Anza na Ethi

Gari dogo la zamani likiingia gereji ya Tarime mjini kwa sababu taa ya nyuma haiwaki vizuri, kitu cha kwanza kununuliwa huwa ni globu. Globu mpya inawekwa, taa inawaka, dereva anaondoka ameridhika. Baada ya muda mfupi anarudi na shida ileile, na safari hii anaambiwa anunue taa nzima. Hapo ndipo fedha za wenye Starlet, Corolla na Probox zinapopotea. Kwenye gari lenye umri wa miaka 20 na zaidi, taa inayofifia au kuwaka kwa kubahatisha mara nyingi ina ugonjwa kwenye holda inayoshika globu, au kwenye ethi, ile njia ya umeme kurudi kwenye bodi na betri.

Barabara zetu zinachangia sana. Kutoka Tarime kupitia Nyamwaga na Nyamongo hadi Mugumu, na kutoka Mugumu kwenda Fort Ikoma, kila mahali ambapo lami haijafika gari linapata vumbi na mtikisiko kwa pamoja. Magari yenye mgongo wa wima kama Probox ndiyo yanayoumia zaidi. Likiwa kwenye mwendo, nyuma yake hubaki eneo lenye mgandamizo mdogo wa hewa, na vumbi la magurudumu huvutwa kurudi kwenye mlango wa nyuma na kwenye taa. Mpira wa taa ukishakauka, vumbi hilo hupenya hadi kwenye holda. Mvua ikinyesha, au gari likioshwa kwa mashine ya presha, linageuka tope, na tope lenye unyevu likikaa kwenye shaba huzaa kutu ya kijani. Na tusisahau saa zenyewe: jioni ng'ombe wanarudishwa nyumbani, dereva anakanyaga breki ghafla, na bodaboda iliyo nyuma yake ina taa hiyo tu ya kumwonya.

Kuivua taa si kazi ngumu. Kwenye Toyota nyingi za mgongo wima unafungua mlango wa nyuma, unalegeza nati mbili kwa spana namba 10, kisha unaivuta taa moja kwa moja kuelekea nyuma. Usiipinde pembeni, kwa maana upande wa pili imeshikwa na vishikizo vya plastiki ambavyo kwa umri huo vinakatika kama biskuti. Kisha itazame globu kabla ya kuitupa. Kioo kikiwa safi na uzi umekatika, shuku mtikisiko. Kikiwa cheusi, globu imezeeka. Ukikuta unga mweupe ndani, hewa imeingia.

Globu ya nyuzi mbili huandikwa 12V 21/5W: uzi wa wati 21 ni wa breki, wa wati 5 ni wa taa ya usiku. Zile za kitako cha chuma zina pini mbili ubavuni, moja juu kuliko nyingine, makusudi ili globu isiingie kinyume. Anayeilazimisha huleta balaa: uzi wa breki unawaka usiku kucha, na breki ikikanyagwa kinachoongezeka ni ule mdogo tu. Dereva wa nyuma haoni tofauti yoyote. Soma pia volti. Globu ya lori ya 24V inaingia vizuri kabisa kwenye gari dogo, lakini kwa volti 12 mwanga wake haufiki hata sehemu moja ya kumi ya unaotakiwa.

Sasa ethi. Dalili yake ni ya ajabu kidogo kwa asiyeijua: ukikanyaga breki, taa ya upande mmoja inafifia badala ya kung'aa, indiketa inapepesa pamoja na taa ya usiku, na wakati mwingine taa za dashibodi zinawaka ingawa swichi ya taa imezimwa. Umeme wa breki umefika kwenye globu, umekuta njia ya kurudi imeziba, ukapita kinyumenyume kwenye uzi wa wati 5 na kutafuta bodi kupitia taa nyingine za mkondo huo. Kubadilisha globu hapo hakusaidii kitu.

Kipimo chake hakihitaji zaidi ya mita ya kawaida. Weka ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri kwa waya mrefu, nyingine kwenye ethi ya holda ya taa, kisha mtu akanyage breki. Njia ikiwa safi, mita husoma karibu na sifuri. Ikisoma volti 1 au 2, hizo ni volti ambazo globu haizipati. Si kidogo: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga wa globu ya uzi hupungua kwa takribani asilimia 30. Pima breki ikiwa imekanyagwa, kwa sababu ethi mbovu isipobebeshwa mzigo huonekana nzima.

Ukishaijua, fuata waya wa ethi, ambao kwenye Toyota kwa kawaida ni mweupe wenye mstari mweusi, hadi skrubu yake kwenye bodi. Fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi kidogo juu. Holda isafishwe kwa msasa laini na vibati vyake vivutwe ili viishike globu. Holda iliyoyeyuka ibadilishwe, haina dawa. Waya ulioongezwa ulehemiwe kwa risasi, maana ule wa kusokotwa na kufungwa tepu utaachia kabla ya msimu wa mvua kwisha.

Taa nzima inunuliwe pale kioo kimepasuka au kimepauka. Kabla ya kutafuta ya mtumba, soma namba iliyochorwa kwenye kona ya kioo pamoja na jina la mtengenezaji, mara nyingi Koito au Stanley, kwa sababu gari la jina moja linaweza kuwa na taa tofauti kwa miaka tofauti. Mpaka wa Sirari ukiwa jirani, soko ni pana: Kenya nako wanaendesha kushoto na kuagiza magari yaleyale kutoka Japani. Hakikisha taa ina kiakisi chekundu kizima, maana ndicho kinachokuonyesha gari likiwa limezimwa kando ya njia. Wakati wa kufunga, weka mpira mpya, wala usizungushie silikoni kila tundu. Taa ina matundu ya kupumulia, na ukiyaziba, baridi ya usiku ya Tarime itaacha maji ndani ya kioo yasiyo na pa kutokea.

Wanaopenda LED wachague nyekundu kwa kioo chekundu, maana nyeupe hutoa rangi ya waridi.

Taa ya tatu ya breki, ile ya juu, ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, na hilo linanisikitisha. Mwaka 1974 mwanasaikolojia John Voevodsky alifunga taa ya ziada ya breki kwenye taksi 343 za San Francisco, na ajali za kugongwa kwa nyuma zikapungua kwa takribani asilimia 60. Marekani ikaifanya lazima kwa magari madogo mapya kuanzia matoleo ya 1986. Kwenye magari yetu ya abiria, mlango wa nyuma unafunguliwa kila kituo kupakia magunia, na nyaya zinazopita kwenye bomba la mpira karibu na bawaba zinakunjwa hadi kukatika ndani ya ngozi yake. Washa taa, kanyaga breki, mwambie mwenzako auinue na kuushusha mlango taratibu huku akitazama taa ya namba na ile ya juu. Zikipepesa, chana bomba hilo na uvute waya mmoja mmoja. Uliokatika utanyumbuka mkononi kama uzi wa mpira.