Ubao Unaandikwa Mwisho

Andalio la somo la kipindi cha dakika 80 hujaza kurasa mbili za daftari kubwa. Juu kabisa huandikwa kidato, mkondo, idadi ya wanafunzi, mada na lengo mahususi. Chini yake huja jedwali lenye hatua tano ambazo mwanachuo amefundishwa chuoni: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri, hitimisho. Kila hatua ina dakika zake, kazi ya mwalimu na kazi ya mwanafunzi. Binti niliyemtazama akifanya mazoezi ya kufundisha Kifaransa, katika shule moja ya sekondari mjini Morogoro, hulijaza jedwali hilo kwa penseli, tena huanza na safu ya mwanafunzi. Akishajua watoto watasema nini, watashika nini na watamuuliza nani, ndipo anapoandika atakachofanya yeye. Safu yake ikizidi ya wanafunzi kwa urefu, anachukua kifutio.

Huko kufuta kulinivutia kuliko ufasaha wake wa Kifaransa, nao si haba. Miaka mitatu ya shahada humpa mwanachuo wa ualimu mengi: fonetiki, sarufi, fasihi, saikolojia ya elimu, mbinu za kufundishia. Kabla ya kupelekwa shuleni hufundisha kipindi kifupi mbele ya wenzake, nao hujifanya watoto wa Kidato cha Kwanza, wengine wakiuigiza utundu kwa bidii isiyo ya lazima. Huyu aliwahi kujirekodi kwa simu katika vipindi vya namna hiyo. Aliposikiliza akakuta sauti iliyojaa ni yake: anauliza, anajijibu, anafafanua jibu, anauliza tena. Tangu hapo amekuwa akijifunza kunyamaza.

Kwa mwalimu wa lugha ya kigeni, kila dakika anayosema yeye ni dakika anayomnyima mwanafunzi, na mwanafunzi huyo hana pengine pa kuipata. Kiingereza kipo kwenye mabango, redioni, kwenye filamu na kwenye pakiti za biskuti. Kifaransa mjini Morogoro kinaishia mlangoni mwa darasa. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi hupita hapa mchana na usiku, na unaweza kudhani dereva wa Kikongo angewafaa vijana kwa mazoezi. Bahati mbaya Kiswahili chake ni kizuri mno.

Kazi ya kesho huanzia sokoni leo jioni. Mada ni vyakula na namna ya kuomba kiasi cha kitu. Ananunua mchele nusu kilo, chumvi, ndizi, machungwa na chupa ya maji; nyama anaichora. Nyumbani anakata karatasi za manila kuwa kadi za ukubwa wa kiganja: buluu kwa majina ya kiume, nyekundu kwa ya kike, njano kwa wingi. Kadi ya maji ni nyekundu iliyokatwa pembe moja, kwa sababu jina lake huanza na irabu na neno dogo linalolitangulia hujifupisha. Hakuna kadi hata moja yenye maandishi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema maandishi yatakuja, yasiwe na haraka.

Sababu niliielewa darasani. Mtoto aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili husoma kila herufi anayoiona, na katika Kiswahili yuko sahihi. Mwandikie "riz" ubaoni atakusomea "rizi", na sauti hiyo ikishakaa mdomoni itachukua muhula mzima kuing'oa, maana Wafaransa hawaitamki ile "z". Kwa hiyo ubao unabaki mtupu. Anainua mfuko wa mchele, anaushikiza kadi ya buluu, anasema "du riz". Anatulia, anasema tena, kisha mara ya tatu, na bado haruhusu mtu kuitikia. Midomo ya watoto inaanza kucheza yenyewe. Hapo ndipo anaponyoosha mkono, na darasa zima linatoa sauti. Baada ya darasa ni safu ya dirishani, kisha wawili wawili, kisha mmoja mmoja, na wa mwisho kuitwa ni wale aliokwisha kuwaona wana wasiwasi. Wamesikia wenzao mara nyingi kabla ya zamu yao kufika.

Tatizo la kwanza ni ile "u" ya "du". Watoto wanaitamka kama ya "dunia". Angeweza kurudia neno mpaka koo limkauke, lakini sikio ambalo halijazoea sauti haliisikii, hata ikirudiwa mara mia. Anaenda kwenye viungo vya mdomo. Anawaambia waseme "i" na waivute. Ulimi usisogee hata kidogo. Sasa, wakiwa bado wanaivuta, wakaze midomo kama mtu anayetaka kupiga mluzi. Sauti ya Kifaransa inatoka, watoto wenyewe wanashtuka, kicheko kinapita darasani. Anakiacha kicheko kiishe. Halafu anawarudisha kwenye mchele.

Kuhusu jinsia ya majina nilitegemea hotuba. Hakutoa. Aliwataka tu waseme kwa Kiswahili mchele ni wa rangi gani, chumvi je, maji je. Mweupe, nyeupe, meupe, wakajibu bila kufikiri. Akainua kadi ya buluu na nyekundu kwa pamoja, akaziangalia, akawaangalia wao. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Kumbe na wao wana ngeli." Akamwitikia kwa kichwa, akaendelea. Wajuzi wa sarufi watasema jinsia na ngeli si kitu kimoja, nami nakubali, ila kwa siku ya kwanza daraja hilo linatosha kuvuka.

Dakika iliyonionyesha ufundi wake ilikuwa ya machungwa. Watoto walikwisha kusema "des bananes" vizuri, ile "s" ya "des" ikiwa kimya. Akainua machungwa na kadi ya njano, akasema "des oranges" kwa kasi ya kawaida, na kati ya maneno mawili ikasikika "z" nyembamba. Akarudia ndizi. Akarudia machungwa. Akauliza wamesikia tofauti gani, kisha akafunga mdomo.

Kimya katika darasa la watoto zaidi ya hamsini ni kirefu. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, aliyechunguza vipindi vya sayansi miaka ya 1970, aliona kuwa walimu wengi wakishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu, na kwamba wakivumilia tatu au zaidi majibu ya wanafunzi hurefuka na wanaojitolea kujibu huongezeka. Sekunde tatu ni kidogo ukizisoma. Mbele ya Kidato cha Kwanza, na mwalimu mlezi akiwa ameketi nyuma na daftari, ni nyingi. Mwanachuo hakuhamisha mguu wala hakukohoa, hata kidokezo hakutoa. Alishika ndizi mkono wa kushoto na machungwa wa kulia, akiyapandisha kwa zamu. Msichana wa safu ya pili akanong'ona kitu kwa jirani yake, jirani akakataa, wakabishana. Mkono ukapanda: "Kwenye machungwa kuna z." Kwa nini? Kimya tena. Mwingine akasema neno lenyewe linaanza na irabu, kama maji. Kanuni ambayo kitabu huipa aya nzima ilikuwa imekwisha kusemwa, na haikusemwa na mwalimu.

Makosa anayashughulikia hivyo hivyo. Mvulana aliyeigiza mnunuzi aliomba "de la riz". Mwanachuo hakusema hapana. Alinyanyua kadi ya buluu usawa wa kifua na kungoja. Mvulana akaiona, akajirekebisha, na muuzaji akampimia mchele kwa kikombe. Makosa mengine hayagusi papo hapo, hasa mtoto akiwa katikati ya sentensi ndefu aliyoijenga mwenyewe. Huyaandika kwenye kijidaftari bila majina, na mwishoni huyaleta kwa darasa zima kama mali ya wote. Kupambanua kosa la kurekebisha sasa na kosa la kusubiri ni ujuzi ambao sijaona kitabu kikiufundisha. Unapatikana kwa kukosea mbele ya watoto na kurudi kesho.

Zikiwa zimebaki dakika kumi na tano, akachukua chaki. Watoto wakaona kwa mara ya kwanza maneno waliyokuwa wakiyasema, wakaanza kulalamikia "z" isiyosomwa na "s" inayojificha. Hakuna aliyesema "rizi".

Baada ya kengele alimfuata mwalimu mlezi chini ya mwembe, akamwamkia na kuketi na shajara ya somo mapajani.

"Leo umewajibia mara ngapi?" mzee akauliza.

"Mara mbili, mwalimu."

"Mimi nimehesabu tatu. Kwenye nyama hukungoja."

Akaandika. Mzee aliniambia kuwa wiki ya kwanza binti huyu aliponyamaza, wanafunzi walitazama sakafu, wakidhani wamekosea. Iliwachukua muda kuamini kwamba kimya chake ni nafasi yao. Yeye naye ilimchukua muda kuamini kwamba watajibu.

Walimu wa namna hii wanahitajika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikikubali Kifaransa kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2021, na mwaka uliofuata Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga. Ila mazoezi ya kufundisha ni ya wiki chache, na wanachuo wa lugha hupokewa mahali pengi kama mikono ya ziada: leo Kidato cha Pili, kesho Kidato cha Nne, keshokutwa kujazia kipindi cha somo jingine. Kwa hiyo ninawaomba wakuu wa shule. Mkimpokea mmoja wao, mpeni mkondo mmoja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, viacheni vipindi vyake viwili vikae pamoja kwenye ratiba, na mwekeeni nyuma ya darasa mwalimu mzoefu wa kumhesabia mara alizowajibia.