Picha ya Wababe Wawili

Katika nyumba nilimopanga chumba mjini Oslo, miaka ile ya masomo, ukumbini palitundikwa nakala ya picha ambayo takriban kila Mnorwei anaijua. Wanaume wawili wenye silaha wanavuka milima ya theluji juu ya skii, yaani zile mbao ndefu nyembamba zifungwazo miguuni. Mmoja amepakata mtoto mdogo. Knud Bergslien aliichora mwaka 1869, akisimulia tukio la mwaka 1206, zama za vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambapo watu wa kundi la Birkebeiner walimtorosha mtoto wa mfalme asije akauawa. Mtoto huyo, Haakon, alitawazwa mwaka 1217.

Sina ugomvi na mkono wa mchoraji. Ukimtazama yule aliyembeba mtoto unaamini kwamba atakufa yeye kwanza. Ugomvi wangu ni mwingine. Majira yangu ya kwanza ya baridi nilikuwa nikiipita picha hiyo asubuhi gizani na kurudi gizani, maana Desemba jua la Oslo huzama saa tisa na kitu alasiri. Nilikuwa nimeacha kujibu barua za nyumbani, na nilikwisha kuulizia nauli ya kurudi. Picha ikaniambia kwamba theluji ni adui, na kwamba haivuki ila mwenye misuli ya askari. Niliiamini, nikajifungia miezi miwili.

Aliyenitoa ni mama mwenye nyumba, mtu wa miaka sabini na ushei. Alinivalisha viatu vya marehemu mumewe, tukapanda treni ya mjini na skii zetu hadi Frognerseteren, kwenye ukingo wa msitu wa Nordmarka. Nilianguka mara nyingi kuliko nipendavyo kuhesabu. Nilikuwa nikienda kama mtu anayevuka tope. Akaniambia, "Usitembee. Simama juu ya mguu mmoja, ungoje."

Siri iko hapo. Skii imepindwa kidogo kama upinde, na chini ya sehemu ya katikati, iliyoinuka, hupakwa nta. Ukiikandamiza kwa uzito wako wote, nta hushika theluji nawe ukapata pa kujisukumia. Ukipunguza uzito, huachia, skii ikateleza. Baridi ikibadilika na nta hubadilishwa, na siku ya nyuzi sifuri wazee hubishana juu ya nta kama wavuvi juu ya upepo. Basi, kati ya msukumo na msukumo kuna kitambo ambacho hufanyi lolote. Unachukuliwa. Aliyewahi kukaa ngalawani tanga likishika upepo atanielewa. Siku ile kitambo hicho kilikuwa labda sekunde moja, nami nikapiga kelele mpaka yule mama akacheka. Kisha kimya, na pumzi zetu. Tukala chungwa lililokwisha anza kuganda.

Bergslien hakukichora kitambo hicho. Watu wake wanapigana na mlima tu. Atakayemtetea ataniambia kwamba anayekimbia wauaji hastarehe. Sawa, lakini hakuna avukaye milima ile kwa skii bila kuteleza. Hata wale wawili, kwenye mteremko fulani, mtoto akiwa amelala, walichukuliwa. Tangu mwaka 1932 yako mashindano ya kuwakumbuka, baina ya Rena na Lillehammer, kila mtu na mzigo wa kilo 3.5 mgongoni badala ya mtoto. Maelfu huja. Sidhani wanafuata mateso.

Kwetu nako tuna picha ya namna hiyo. Nikitaja skii huulizwa juu ya Philip Boit, Mkenya aliyeshiriki mbio za kilomita 10 kule Nagano mwaka 1998 akawa wa mwisho, dakika 20 nyuma ya Bjørn Dæhlie, mshindi, ambaye alimngoja na kumkumbatia. Wengine husimulia kwa kuchekesha, wengine kwa kuliza. Bado sijamsikia msimulizi anayejiuliza kwa nini Boit alirudi kwenye michezo hiyo mwaka 2002, na tena 2006.

Nilipohama, mama mwenye nyumba alitaka kunipa ile nakala iwe kumbukumbu. Nilikataa kwa adabu, nikamwomba kikopo cha nta ya buluu kilichobaki nusu.