Mbegu ya Nazi Huchaguliwa kwa Mama

Mkulima wa mahindi akikosea mbegu, hasara yake ni ya msimu mmoja. Msimu ujao hutafuta nyingine, maisha yakaendelea. Mkulima wa mnazi akikosea mbegu hajui kama amekosea. Atapanda, atapalilia, atakesha akipambana na mdudu chonga, na baada ya miaka 6 hadi 8, karara la kwanza litakapopasuka, ndipo ataanza kuona alichopanda. Hata hapo ni kuanza tu, maana mnazi huchukua miaka mingine kadhaa kuonyesha uzazi wake kamili. Mnazi mbaya nao haufi upesi. Utakaa shambani miaka 60 au zaidi, unakula ardhi na kunyima nazi.

Ndiyo maana ninawastahi sana watu wa pwani wanaojua kuchagua mbegu ya nazi. Ukitoka Bunju ukapita Mapinga, Kerege na Zinga hadi Kaole na Bagamoyo mjini, hukosi kumkuta mzee au mkwezi ambaye majirani humfuata wakitaka kupanda. Hana mizani wala maabara. Ana macho, masikio, mikono na kumbukumbu ndefu ya mashamba ya watu. Ukimfuata ukitaka mbegu, hakupeleki kwenye lundo la nazi. Anakupeleka kwanza kwenye minazi.

Anaanza na shina. Kila kuti linapoanguka huacha kovu la mviringo, na makovu hayo yamepangana kutoka chini hadi juu, la zamani chini, la karibuni juu. Yakiwa yamekaribiana kwa nafasi zinazolingana, mnazi huo umekua kwa utulivu. Shina likibana ghafla mahali fulani kisha likanenepa tena, hapo pana habari ya ukame, maradhi au shamba lililotelekezwa. Mzee hupitisha kiganja kwenye makovu na kukueleza kuwa mti huu uliteseka ukiwa mdogo lakini ukainuka. Mti ulioteseka ukainuka haukatai. Anaokataa ni ule unaozidi kusinyaa kuelekea kileleni, maana huo nguvu zake zinakwisha.

Kisha huinua macho, na hapa ndipo ujuzi wenyewe ulipo. Mnazi mrefu wenye afya hutoa kuti jipya karibu kila mwezi, na kwenye kwapa la kila kuti huzaliwa karara. Kwa hiyo kilele cha mnazi mzazi kimebeba mwaka mzima kwa wakati mmoja. Juu kabisa kuna karara lililofumba, chini yake lililopasuka na maua yake ya manjano, halafu kole la vidaka, la vitale, la madafu, la makoroma, na chini kabisa kole la nazi zilizokomaa. Kila kole limelipita lililo juu yake kwa umri wa takriban mwezi mmoja. Mjuzi akisimama chini huyahesabu kwa kushuka. Akikuta kila kwapa lina kole lake, mnazi huo hauna mwezi wa kupumzika. Akikuta pengo, hujua upo mwezi ulioshindwa. Mwaka wa jua kali pengo moja linasameheka. Mapengo matatu kwenye shamba ambalo minazi mingine imejaa hayasameheki.

Hutazama pia kikonyo cha kole. Kifupi na kinene huketi juu ya vitako vya makuti na kubeba mzigo wake bila kuyumba. Kirefu na chembamba huning'inia, na kole likiwa zito hupinda au kuvunjika. Huzitazama nazi zenyewe kama zina makovu na utomvu uliogandana, alama za mdudu anayefyonza vidaka. Na akiona maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, wanapanda na kushuka shinani, hufurahi, ijapokuwa mkwezi atalalamika kwa kuumwa. Maji moto humwinda mdudu huyo, na mnazi wenye jeshi lao hutoa nazi safi.

Jambo moja ambalo wageni wa kazi hii hawalidhanii ni kwamba mzee hukagua na majirani wa mnazi. Mnazi mrefu wa Afrika Mashariki, ambao ndio mnazi wa jadi wa pwani yetu, haujizalishi wenyewe kwa kawaida. Katika karara moja maua dume hutangulia kufunguka na kumwaga chavua, na mengi huwa yamekwisha kabla maua jike hayajawa tayari kuipokea. Chavua basi hutoka kwenye mnazi mwingine, ikiletwa na nyuki na upepo. Mama unamwona, baba humwoni. Kinga pekee ni kuchukua mbegu kwenye mnazi mwema uliozungukwa na minazi mema. Mnazi bora uliosimama peke yake kati ya minazi dhaifu huachwa uzae nazi za kupikia. Minazi mifupi, kama ile ya Pemba yenye madafu ya rangi ya machungwa, ni tofauti. Huchavusha yenyewe mara nyingi, na watoto hufanana na mama.

Mama akishapatikana, ndipo mkwezi anapanda. Nazi ya mbegu haiangushwi. Hushushwa kwa kamba, kole zima, kwa sababu kishindo cha kutoka mita 15 chaweza kutia ufa kwenye kifuu ambao hutauona kwa nje kwa sababu ya makumbi. Chini, mzee huchukua nazi moja moja kwa mikono miwili, huisogeza sikioni na kuitikisa. Dafu limejaa maji tele na halisemi kitu. Koroma husema kidogo. Nazi iliyokomaa, ya miezi 11 au 12, imeacha nafasi ndani, na maji yake hucheza kwa sauti nyepesi iliyo wazi. Nazi kavu isiyosema kitu imepasuka au imeoza, nayo hutupwa mbali, kwani nazi mbovu harabu ya nzima. Hupendelea ya wastani, ya mviringo, nzito kwa umbo lake. Nazi kubwa ajabu haimtishi, maana mara nyingi ukubwa wake ni wa makumbi.

Nazi zikipumzishwa kivulini wiki kadhaa, huingia kitaluni. Hulazwa ubavu, upande mpana ukitazama juu, hufukiwa zaidi ya nusu, na humwagiliwa. Sasa kunakuja uchaguzi wa tatu, ambao ndio mgumu kuliko yote kwa sababu unaumiza moyo. Chipukizi za kwanza huonekana baada ya miezi miwili na nusu au mitatu. Nazi ambayo miezi 5 imepita haijachipua hung'olewa hata kama ni nzima, kwa kuwa inayochelewa kitaluni mara nyingi huchelewa na shambani. Zilizochipua nazo hupangwa upya. Mche unaotakiwa una shina nene chini, makuti mapana ya kijani kibichi, na huanza mapema kupasua makuti yake kuwa majani madogo madogo. Mche mrefu mwembamba, ambao mnunuzi asiyejua ndio huuparamia kwa sababu umemzidi kimo mwenzake, mzee huutoa. Katika nazi 10 zilizopandwa, mwenye kitalu makini hufurahi akibaki na miche 6.

Wakati wote huo mche haujaanza kutegemea udongo. Ndani ya kifuu, maji na nyama ya nazi vinafyonzwa na joya, lile bonge jeupe tamu ambalo watoto wa pwani hulipenda mno, na joya ndilo linalolisha chipukizi kupitia jicho moja laini kati ya macho matatu. Nazi iliyovunwa ikiwa changa ina akiba ndogo. Sikio la mzee pale shambani lilikuwa linapima chakula cha mche huu.

Ujuzi huu una uzito wa pekee Bagamoyo. Ugonjwa wa kunyong'onyea kwa minazi umejulikana katika pwani ya Tanzania bara tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Huangusha nazi, hugeuza makarara kuwa meusi, hukausha kilele chote na kuacha shina limesimama bila kichwa. Hauna tiba ambayo mkulima anaweza kuitumia. Mpango wa Taifa wa Kuendeleza Minazi, ulioanza 1979 na baadaye kuwa kituo cha utafiti cha Mikocheni, ulipanda aina nyingi za minazi kuupima, na kituo chake cha Chambezi kiko hapa hapa Bagamoyo. Aina nyingi zilizoletwa kutoka nje zilishambuliwa vibaya. Baadhi ya minazi mirefu ya kwetu ilistahimili zaidi. Mnazi mzee uliobaki mzima mahali ambapo wenzake wamekufa ni mzazi wa kuangaliwa kwa makini, na anayejua ulipo ni mtu wa kijiji kile.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaonunua miche kando ya barabara ya Bagamoyo na kwa wenye mashamba. Mnunuzi, usiulize bei kwanza. Uliza nazi ilitoka kwenye mnazi upi, na ukiweza nenda ukauone. Mwenye shamba, soko la madafu Dar es Salaam linalipa haraka, lakini kole linaloondoka likiwa dafu halitoi mbegu. Tia alama minazi yako michache iliyo bora kabisa, usiiuze madafu, usiigeme tembo, na mwite mzee anayejua aje aikague pamoja na wanao. Wanao ndio watakaovuna.