Sikiliza Pumzi: Namna ya Kupima Muziki na Filamu za Kanda ya Ziwa

Ukitaka kujua kama wimbo umeimbwa na mtu anayejua kazi yake, au kama filamu ina mwongozaji wa kweli, tafuta pumzi. Kwa mwimbaji ni pale anapovuta hewa na jinsi anavyoigawa hadi mwisho wa mstari. Kwa mcheza ngoma ni namna kifua na mgongo wake vinavyokwenda na hatua. Kwa mwongozaji wa filamu ni muda anaompa mtu aliye mbele ya kamera amalize alichoanza, iwe sentensi au kumpasua samaki. Sauti inaweza kusafishwa studio na picha ikang'arishwa kwenye kompyuta. Lakini pumzi ikikosekana siku ya kurekodi, hakuna fundi atakayeirudisha.

Sisi wa Mwanza tuna shule nzuri ya jambo hili, nayo ni bugobogobo. Wageni huiona kwenye sherehe za serikali, vijana wakirusha majembe juu na kuyadaka, wakadhani ni sarakasi. Asili yake ni shambani. Vikundi vya Kisukuma vilialikwa kulima shamba la mtu, ngoma ikapigwa, na mdundo ndio uliopanga jembe lipande lini na lishuke lini. Kiongozi wa nyimbo, ambaye Wasukuma humwita ningi, alitunga mstari wa urefu ambao mtu aliyeinama anaweza kuupokea bila kupoteza pigo la jembe. Mtafiti Mmarekani Frank Gunderson alikusanya nyimbo hizo za kazi na kuzitoa kitabuni mwaka 2010, kuanzia za wawindaji na wapagazi hadi za wakulima wa pamba. Anayetaka kujua kwa nini mistari ya Kisukuma imekatwa ilivyokatwa, akitafute kitabu hicho.

Kwa hiyo ukisimama mbele ya kikundi cha bugobogobo, usihangaike na jembe likiwa hewani. Tazama linaporudi mkononi, utazame na mgongo wa mchezaji wakati huohuo. Aliyelima kweli hudaka mpini mgongo ukiwa bado chini, kwa sababu mwili wake unajua kwamba hatua inayofuata ni kukata ardhi. Aliyejifunzia jukwaani hunyooka kidogo atazame watu, na papo hapo anachelewa nyuma ya ngoma. Halafu fumba macho usikilize njuga. Mguu mmoja ukigonga kando, masikio yatakwambia kabla ya macho. Mstari wa wachezaji wazuri unatoa mlio mmoja hata pale vumbi linapowafunika, na kati ya mlio na mlio kuna nafasi tupu, safi, ambayo ngoma kubwa huijaza. Nafasi hiyo ndiyo ninayoita pumzi ya kikundi. Vikundi vingi vya siku hizi vinaiziba kwa filimbi na vipaza sauti, nami naona ni hasara kubwa.

Wasukuma wenyewe wana hukumu kali kuliko yangu. Jamii mbili za ngoma, Bagika na Bagalu, zinazowataja Ngika na Gumha kuwa waanzilishi wao, zimeshindana tangu karne ya 19. Huchezwa ngoma mbili kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni upande uliovuta watu wengi. Hakuna karatasi za majaji. Ndivyo ushindani unavyokwenda hadi leo katika Bulabo, sherehe ya mwezi wa Juni inayofungamana na sikukuu ya Ekaristi kule Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement kutoka Kanada. Ukienda, usikimbilie upande wenye nyoka, ingawa bayeye, wachezaji wa nyoka, na chatu wao ni wa kuonwa. Kaa katikati. Watazame akina mama wazee: wao hawashawishiki haraka, hawana simu ya kurekodia, na wakianza kusogea upande mmoja, nawe sogea.

Ukivuka ziwa kwenda Bukoba, kipimo ni kilekile ila sikio linatakiwa kutulia zaidi. Nanga ya Wahaya ni ubao mrefu uliochongwa ndani, uzi mmoja ukipitishwa kwenda na kurudi hadi ukawa nyuzi kadhaa. Mpigaji husimulia tendi za mashujaa kwa muda mrefu, sauti yake na nyuzi zikipokezana. Profesa Mugyabuso Mulokozi aliandika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu tendi hizo, na kutokana na kazi yake wasomi wengi walitambua kwamba huku kwetu kuna watambaji wa tendi wa daraja la juu. Unapomsikiliza manju wa nanga, angalia nyuzi zinafanya nini anaponyamaza. Manju dhaifu hurudia tu pigo lake akisubiri neno lije. Hodari huziacha nyuzi ziendelee na kisa, kiasi kwamba msikilizaji asiyejua Kihaya anahisi kuna mtu yuko njiani anakuja.

Saida Karoli ametoka huko huko. Maria Salome yake ya mwaka 2001 ilitikisa nchi nzima na kuvuka hadi Uganda, ikiimbwa na watu ambao Kihaya chao ni cha salamu tu. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaitengeneza upya kwa jina la Salome. Zisikilize zote mbili mchana mmoja, kwa spika ileile. Ya 2016 ni kazi safi ya studio: besi imekaa, kila sauti ina mahali pake, na inachezeka. Lakini kwa Saida unasikia mwili wa mwanamke aliyezoea kuimba ngoma ikiwa karibu naye, na namna anavyoachia mwisho wa mstari uanguke mwenyewe haikuweza kuhamishwa. Mimi narudi kwa Saida, na nitaendelea kurudi.

Rapa naye ana pumzi. Fid Q, kijana wa Mwanza anayejiita Ngosha, aliipa albamu yake jina la Vina Mwanzo, Kati na Mwisho, na jina hilo ni mwongozo tosha. Marapa wengi hukimbilia kina cha mwisho, katikati wakajaza maneno ya kupitisha muda. Msikilize Fid Q ukihesabu wapi anavuta hewa: mara nyingi ni baada ya wazo kukamilika, hata kama mdundo ulimruhusu apumue mapema. Kwaya ni hivyohivyo. Mwanza imejaa kwaya, AIC Makongoro ikiwa miongoni mwa zinazojulikana mbali. Usiipime kwaya kwa soprano. Isubiri besi mwishoni mwa ubeti, uone kama wanaume wanamaliza pamoja au mmoja mmoja.

Sasa filamu. Iliyoitangaza Mwanza duniani kuliko nyingine yoyote ni Darwin's Nightmare ya mwaka 2004, ya Hubert Sauper wa Austria, iliyoteuliwa kuwania Oscar. Inahusu sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, minofu inayopanda ndege kwenda Ulaya na mapanki, yaani vichwa na mifupa, yanayobaki kwetu. Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani mwaka 2006, na wenyeji wengi hadi leo hawataki kuisikia. Nimeitazama upya hivi karibuni nikiwa na kipimo changu mkononi, na nimeikuta filamu yenye pumzi mbili.

Pumzi ya kwanza ni nzuri sana. Mlinzi wa usiku wa taasisi ya uvuvi, mwenye upinde na mishale, anaachiwa azungumze taratibu gizani, na Sauper hamkatizi. Eliza, msichana anayefuatana na marubani wa ndege hizo, anaimba wimbo wa kuisifu Tanzania, kamera ikitulia usoni pake. Baadaye tunaambiwa ameuawa, na wimbo ule unarudi kichwani mwako bila filamu kuulazimisha. Huo ni ufundi wa hali ya juu, na anayeukana kwa sababu ya hasira za siasa anajinyima.

Pumzi ya pili ni fupi. Linapokuja suala la silaha zinazodaiwa kuletwa na ndege hizo, filamu haina picha ya shehena hata moja. Inajenga tuhuma kwa kuunganisha ndege, maswali na nyuso. Na kazi ya watu wa ziwani inaonyeshwa vipande vipande, kama ushahidi mahakamani: mkono, kichwa cha samaki, inzi, tunaondoka. Hatuoni mvuvi akivuta nyavu mwanzo hadi mwisho, wala bei ikipatanwa mwaloni hadi watu wakubaliane. Mji mzima unabaki mgonjwa asiye na kazi zaidi ya kuugua. Kosa hilo ni la mhariri kabla ya kuwa la mwanasiasa, nalo ndilo ningependa tulijadili.

Iweke kando ya In the Shadow of the Sun ya Harry Freeland, iliyopigwa kwa miaka sita na kutoka mwaka 2012. Inamfuata Josephat Torner, mwanaharakati mwenye ualbino, na kijana wa Ukerewe anayetamani kurudi shule. Miaka sita inaonekana: kijana anabadilika mbele ya macho yako, na Torner anapokaa na wanakijiji kuzungumzia mauaji, ukimya wao umeachwa urefu wake wote. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyofika tamasha la Toronto mwaka 2021, ni ya Zanzibar na si ya kwetu, ila inafundisha jambo hilohilo kwa hadithi ya kubuni. Shivji amemwamini mwigizaji asimame tu, mwanga ukifanya kazi.

Filamu zetu nyingi za nyumbani zinaanguka hapo. Kinanda cha huzuni kinaanza kabla mwigizaji hajapata habari ya msiba, basi hana la kufanya tena. Jaribio langu ni kuzima sauti dakika tano. Kama sura na mikono bado vinaeleza, waigizaji wapo. Kisha geuza: washa sauti, tazama pembeni. Katika vibanda umiza vya Mabatini na Igoma utawasikia watafsiri wanaosimulia juu ya filamu za Wachina na Wahindi; aliye bora hunyamaza ngumi zinapoanza kuzungumza.

Kwa anayetaka kuzoeza sikio, ningeanza na Maria Salome, kisha siku nzima ya Bulabo uwanjani, kisha filamu ya Freeland. Darwin's Nightmare iwe ya mwisho. Ukishawaona watu wa ziwa hili wakimaliza wimbo na wakimaliza kazi, utajua ndani ya filamu ile ni wapi mkasi ulipita mapema.