Usimsifu Fundi Kabla Hujaiona Filta Aliyoitoa

Juzi hapa Mtawanya watu walimsifu fundi mmoja mpaka nikaudhika. Alikuwa amemwaga oili ya Land Cruiser mkonga na kufunga filta mpya kabla chai ya dereva haijapoa. Injini kaifuta inang'aa, na kila aliyepita alisema jamaa ana mkono mwepesi. Filta ya zamani ilikuwa imetupwa mtaroni, nzima, haijapasuliwa, inachuruza oili kwenye maji yaendayo bondeni. Kwangu mimi kazi ile ilikuwa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye ufundi.

Tatizo limeanzia kwenye uvumilivu wa 1HZ, injini ya Land Cruiser hizi. Ni ya lita 4.2, pistoni sita, haina turbo wala kompyuta, na huvumilia mateso ambayo gari jingine lingenoki mapema. Mafundi wakaona basi filta ni bati lolote lenye thredi inayokubali. Lakini tazama gari hizi zinapopita. Kiangazi ni vumbi la njia ya Mloka, masika ni tope la Muhoro, na Aprili 2024 mafuriko ya Rufiji yaliingia mpaka majumbani mwa watu. Gari la huku lisipotunzwa oili yake, halina cha kulinusuru.

Kununua kwanza. Wasiojua huipima filta kwa uzito mkononi, au husoma boksi. Bati nene halichuji kitu, na boksi huchapishwa popote. Ingiza njiti ya kiberiti kwenye vitundu vya pembeni, usukume taratibu ule mpira wa ndani unaozuia oili isirudi kwenye sampu injini ikizimwa. Uwe laini, na ukiuachia urudi mahali pake. Ukiwa mgumu, au usipokuwepo kabisa, mrudishie muuzaji mali yake. Kisha mulika tundu la katikati kwa tochi. Filta nzuri ina bomba la chuma lenye matundu yaliyolingana, na ndani hapanuki kitu. Zipo filta zilizooshwa kwa petroli, zikakaushwa juani na kupuliziwa rangi; hizo hunuka oili iliyoungua, na mara nyingi utakuta rangi imeingia mpaka kwenye thredi. Na filta yenye rangi kali ya kuvutia macho mimi siinunui. Filta njema haijipambi.

Kufunga hakuna maneno mengi. Hakikisha mpira wa filta ya zamani umetoka nayo, maana ukibaki umeganda pale juu na wa pili ukakandamizwa juu yake, gari litaondoka Kibiti salama na oili itaishia njiani kabla ya Ikwiriri. Paka mpira mpya oili safi. Ukitaka kuijaza filta kabla ya kuifunga, mimina kwenye vitundu vya pembeni peke yake. Tundu la katikati ni njia ya oili iliyokwisha kuchujwa. Ukimimina hapo, taka za kopo lako zinakwenda moja kwa moja kwenye beringi. Mpira ukishagusa, ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Spana ya mnyororo ni ya kufungulia. Anayefungia kwa mnyororo asiguse gari langu.

Sasa filta ile ya mtaroni. Dereva akichomoa kijiti cha oili na kuiona nyeusi hughadhibika, na fundi naye hujifanya kushtuka. Oili ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa. Ni masizi, na oili imewekwa iyabebe. Weusi haukuambii chochote. Habari zote za injini zimo katika karatasi ya filta iliyotolewa, na habari hizo hazisomeki mpaka bati lipasuliwe.

Kupasua kwenyewe kuna adabu yake. Nilimwona mzee mmoja wa Ikwiriri akimnyang'anya kijana msumeno wa chuma. "Huo utakudanganya, mwanangu," akamwambia, kwa sababu msumeno humwaga unga wa chuma ndani, na baadaye hujui chuma kipi ni cha bati na kipi ni cha injini. Yeye alitumia kikatio cha mabomba, akazungusha pembezoni mwa mshono mpaka mfuniko ukaachia. Akaikata karatasi kwa kisu, akaikunja ndani ya kitambaa, akaiminya kwenye jiriwa oili itoke yote. Halafu akaikunjua juani juu ya sinia jeupe, mkunjo mmoja mmoja, na kuipitishia sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu.

Kinachorukia sumaku ni chuma, kimetoka kwenye ringi, silinda au meno ya gia. Kinachometameta na sumaku haikitaki mara nyingi ni aluminiamu, na hapo pistoni yaweza kuwa na neno. Vipande vyenye rangi ya shaba ni beringi, na gari hilo lisitoke gereji. Utelezi wa rangi ya maziwa ni maji. Kama rejeta nayo inapungua, ugonjwa uko ndani ya injini, na kama haipungui, muulize dereva alivuka wapi. Siku ile mzee alikuta chembe zinazokwaruza kati ya vidole. Mchanga. Hakugusa injini. Alikwenda moja kwa moja kwenye bomba la mpira linalotoka kwenye filta ya hewa hadi kwenye injini, akalikuta limepasuka upande wa chini usioonekana. Bomba likabadilishwa, na injini ikaepushwa kufunguliwa.

Mafundi wa wakati wa kivuko cha Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, hawakuhitaji kufundishwa haya. Land Rover za zamani zilikuwa na filta ya karatasi ndani ya kikombe cha chuma. Ukifungua kikombe, karatasi iko machoni pako na taka zimetuama chini; hata mvivu alilazimika kuziona. Gari limekwama ng'ambo kwa sababu Mto Rufiji umejaa, fundi ana siku nzima ya kuangalia. Bati la kufunga na kutupa likaja, likaificha karatasi, na macho yale yakapotea pamoja nayo. Nasikitika kwamba kasi ndiyo inayosifiwa leo.

Wapo pia wasiobadilisha kabisa. Huifuta filta ya zamani kwa dizeli, huipangusa, na kukudai bei ya mpya. Weka alama ya rangi ya kucha kwenye bati kabla hujawaachia gari. Lakini ukimzoesha fundi kupasua mbele yako, hata alama huihitaji.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, dai uoneshwe karatasi ya filta ya zamani ikiwa imekunjuliwa, na fundi akueleze alichokiona. Akishindwa, mlipe bei ya oili na filta. Ya ufundi usimlipe.